Wajapani Hawana Mvua

Mtafsiri wetu hakujua Kikorea. Naliweka hili mwanzoni kabisa kwa sababu kuna watu Kibirizi, kwetu ufukweni Kigoma, wanaoapa hadi leo kwamba alikuwa anakijua, na mmoja wao ni mjomba wangu, mwenye kibanda umiza cha kuonyeshea video, televisheni ya chogo, deki na maiki yenye kikohozi. Hakujua Kikorea. Hakujua Kiingereza cha yale maandishi yanayokimbia chini. Na Kiswahili chenyewe alikijua kwa namna yake, kimechanganyika na Kirundi kama mawese kwenye maharage, huwezi tena kuyatenganisha. Lakini akishika maiki, wavuvi wenye vifua kama milango ya godauni walitoa leso.

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sijui. Sikuwahi kumuuliza, na ningemuuliza angenijibu, "Kwani unataka kunioa?" Alivuka kutoka Burundi mwaka ule watu walipokuwa wanavuka kwa makundi, boti zikishusha magodoro, mbuzi na vikongwe kwa pamoja, akafikia kwa dada yake aliyekuwa ameolewa Kibirizi tangu zamani, ukuta mmoja na sisi. Asubuhi alianika dagaa. Mchana alitafsiri. Mumewe alikuwa amebaki ng'ambo kulinda nyumba na michikichi, na kila alipopigiwa simu alikuwa na neno lilelile: subiri. Hali itulie kwanza, nitakuita, wewe subiri. Mtafsiri akawa anasubiri. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake hasa. Dagaa na Wakorea vilikuwa vya kusogezea siku.

Kwetu tamthilia zilifuata mwezi. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawaifuati taa, kwa hiyo mitumbwi inalala ufukweni, na mwanaume asiyeingia ziwani ni balaa nyumbani kwake. Mjomba alikuwa anawaokoa wake za watu kwa kuwakusanya wale wanaume kwenye mabenchi yake mchana kutwa na kuwawekea mzigo mpya wa sidii ulioshuka na treni. Wake wenyewe wakaanza kuja kuangalia waume zao wanaangalia nini, wakanogewa, wakabaki. Sisi wanafunzi tuliingia tukitoka shule, tukiwa na sare, na walimu wawili watatu walikuwa mle mle gizani wakijifanya hawatuoni, nasi tukiwalipa kwa kujifanya hatuwaoni.

Sasa alitafsiri vipi lugha asiyoijua? Kwa mikono. Mikono ya Wakorea, si ya kwake.

Kwao Burundi, na kwetu Waha pia ingawa sisi wa mjini tumeanza kusahau, ukimpa mtu unayemheshimu kitu, mkono wa kulia unatoa na wa kushoto unaushika ule wa kulia karibu na kiwiko, kana kwamba ulichobeba ni kizito. Hata kama ni njiti ya kiberiti. Siku ya kwanza Mjomba alipoweka tamthilia ya Kikorea, mle ndani kulikuwa na kijana anammiminia mzee kinywaji, mkono wa kushoto umeshika wa kulia. Mtafsiri, ambaye siku hiyo alikuwa amekuja tu kama mtazamaji, aliruka kutoka kwenye benchi.

"Yoo! Hawa ni watu wa kwetu!"

"Kaa chini, mama, unaziba," mtu akamwambia.

"Nikae nini? Huyo kijana ni mkwe. Anaomba binti. Na mzee hataki, angalia, amepokea kwa mkono mmoja!"

Dakika mbili baadaye mzee alimwagia kijana kile kinywaji usoni. Mjomba akampelekea maiki.

Tangu hapo alisoma mikono kama wengine wanavyosoma gazeti. Huyu ameshika, basi ni mdogo kwa cheo. Huyu hashiki, basi ni tajiri au ni mhuni. Huyu alishika halafu akaachia, subirini, kuna jambo. Na mara moja alifanya kitu ambacho kilimpa heshima isiyoisha. Kulikuwa na mke na mume wanakula, wanacheka, nyumba nzuri, muziki mtamu, wote tumetulia. Mume akampa mkewe glasi ya maji, na ule mkono wa kushoto ukaenda kwenye kiwiko. Mtafsiri akashusha maiki.

"Ndoa hii imekufa," akasema.

Nahodha mmoja jirani yetu, ambaye simtaji jina kwa sababu bado ana nguvu, alipinga. "Imekufaje na wanacheka?"

"Mume hampi mkewe maji hivyo. Anampa tu, shika, kunywa. Hivyo hupewa mgeni."

Kabla mwezi haujapungua, mume yule alikuwa amehama na masanduku. Nahodha alikuja kibandani na samaki mkubwa wa kumfanya mbebaji aheme, akamkabidhi Mtafsiri mbele za watu, mkono umeshika mkono.

Mimi ndiye nilikuwa mwiba wake. Nilikuwa kidato cha pili, binti mwenye mdomo mrefu kuliko sketi, kama alivyopenda kusema yeye. Akinituma chumvi nilimletea kwa mkono mmoja. Nikiwa na hamu ya ugomvi nilimletea kwa wa kushoto.

"Mwana wanje, mwanangu, mkono wako mwingine umeliwa na mamba?"

"Uko mfukoni, unapumzika."

"Wakorea wangekufukuza nchini."

"Nchi ya malaria ile? Wabaki nayo."

Hilo la malaria lazima nilieleze. Mtafsiri alikuwa mlokole, na Wakorea, Mungu awasaidie, wanakunywa. Kila baada ya dakika kumi kuna chupa ya kijani mezani na mtu anapepesuka. Yeye hakuwa tayari kupitisha pombe kinywani mwake, hata kwa tafsiri. Kwa hiyo zile chupa zikawa dawa, na wale wanaume waliobebwa mgongoni na wapenzi wao usiku wakawa wagonjwa. "Kijana malaria imempanda kichwani," alikuwa anasema kwa huruma, na nyuma kabisa wavuvi wanaanguka kwa kicheko. Na huyuhuyu mama ndiye aliyenichapa kwa kanga iliyolowa kwa sababu nilimdanganya dada yake kuhusu ndoo ya maji. Uongo aliuchukia. Ukimwambia, "Mbona wewe unatudanganya kila siku?" alishangaa kwa dhati. Yeye hakudanganya, alisema, yeye aliwasaidia Wakorea kujieleza.

Niliwahi kujaribu kumpindua. Siku moja alikuwa anaumwa jino, na mimi nikajipendekeza kwa Mjomba kwamba Kiingereza ninacho, nitasoma yale maandishi. Nikashika maiki. Mwanamke kwenye televisheni anamngoja mpenzi wake kituo cha basi, kijana anakuja, mwanamke anamwambia kitu huku midomo inatetemeka. Nikasoma, nikatafsiri sawasawa kabisa: "Nimekuwa nikikusubiri kwa muda mrefu." Mtu akapiga miayo. Nahodha akauliza kama mimi ni tangazo la redio. Mtafsiri, shavu limevimba kama andazi, akaninyang'anya maiki na kusema: "Miguu yangu imeota mizizi hapa. Wewe ulikuwa wapi?" Benchi zima likaguna. Nilirudi kukaa. Wakati ule niliona ni kipaji tu. Sikufikiria kwamba hilo la kusubiri hakuhitaji kulitafsiri.

Maana kwenye simu hakulia kamwe. Alikuwa anasimama nje ya ukuta wetu, mahali penye mtandao, anasema "Ego. Ego. Ntaco," yaani ndiyo, ndiyo, hamna neno, kisha anakata na kwenda kugeuza dagaa. Machozi yake yote aliyapeleka kibandani. Kwa ile tuliyoiita ya Getini alilia mpaka maiki ikapiga shoti.

Ya Getini ilikuwa ya Kikorea. Mke anaondoka kwenda kumuuguza mama yake, basi linapata ajali, anapoteza kumbukumbu. Wakorea kupoteza kumbukumbu ni kama sisi kupoteza kandambili. Miaka inapita, kumbukumbu inarudi, naye anarudi nyumbani. Getini anakuta kuna mwanamke mwingine anaanika nguo. Tulikaa na stori hiyo mwezi mpevu mzima na mwingine ukaja, kwa sababu Mkorea hana haraka, kila mtu lazima aumwe, kila mtu lazima apigwe kofi. Mwisho mume anatoka nje usiku, mvua inamiminika kama imelipwa, anapiga magoti kwenye matope mbele ya mkewe, na muziki ule ukaingia. Mtafsiri alipaza sauti: "Nyumba ni yako! Moto ni wako! Ingia, mke wangu, usisimame nje kama mgeni!" Mjomba alizima jenereta na watu wakabaki wamekaa. Nahodha alidai moshi wa dagaa umemwingia machoni. Hakuna aliyekuwa anakausha dagaa kwa moshi.

Halafu mwaka uliofuata treni ikaleta Wajapani.

Hatukujua kama ni Wajapani. Muuza sidii wa stesheni alimwambia Mjomba ni Wakorea wapya. Lakini kipindi cha kwanza hakijaisha, Mtafsiri akaanza kujikuna kichwa. Mke anaondoka kwenda kumuuguza mama yake. Kuna ajali, ila safari hii ni treni. Kuna geti.

"Mama, hii ulishatuambia!" watu wakapiga kelele.

"Si mimi, ni wao!"

Nikachukua kasha la sidii, nikasoma. Nikasimama juu ya benchi na kutangaza, kwa furaha ya mtu ambaye hatimaye Kiingereza chake kimefaa kitu, kwamba hawa ni Wajapani, wamechukua stori ya Wakorea wakairudia upya kwa watu wao. Kukawa na vurugu. Nahodha alitaka kujua kama kuna sheria. Mwalimu wa hesabu, akisahau kwamba hayupo, akauliza kutoka gizani kwa nini mtu arudie kitu kilichokwisha kufanywa vizuri.

Tukaangalia hivyohivyo, na kila siku tukagombana. Wajapani wana haraka: ya Kikorea iliyokula miezi miwili, wao waliimaliza kabla mwezi haujaanza kumegeka. Wajapani hawapigani makofi. Wakiumia, wanatembea kando ya mto, na wakiumia sana, wanapika. Wakorea wanapiga kelele barabarani. Wajapani wanasema "aa," halafu wanatazama mti. Vijana tulisema wanaboa. Mama yangu, ambaye hakuwahi kusema lolote kuhusu tamthilia yoyote, alisema hao ndio watu wazima.

Mtafsiri ndiye aliyeteseka. "Hawana mkono," alinilalamikia uani, akitawanya dagaa kwa ufagio. "Wanatoa kwa mikono yote miwili, tena kwa kila mtu. Bosi, mikono miwili. Muuza duka, mikono miwili. Mtu anayemheshimu kila mtu, utamjuaje anayempenda?"

"Basi soma maandishi. Nitakusomea mimi."

"Wewe tangazo la redio, nyamaza."

Akaamua mwenyewe. Yule mwanaume aliyekuwa anaishi ndani ya geti, mpole, anayeinamia kila anayebisha hodi, Mtafsiri akasema si mume. Hawezi kuwa mume, mume gani ana adabu za dukani namna hiyo? Huyo ni mpangaji. Mume wa kweli amesafiri, anakuja. Nasi tukamwamini, kwa sababu hakuwahi kutukosesha. Kibanda kizima kikawa kinamngoja mume ambaye hayumo kwenye sidii.

Lazima niseme ni siku zipi hizo. Ni siku zilezile ambapo mama mmoja muuza mawese alishuka na boti kutoka kwao Mtafsiri, akaja hadi uani, akasalimia vizuri sana, akakaa, akamwambia Mtafsiri mbele yangu na dada yake:

"Kwako kunafuka moshi asubuhi na jioni. Na mumeo, tunavyomjua, hajui kupika."

Dada mtu akaacha kusuka nywele zangu. Mtafsiri aliendelea kuchambua mchele.

"Labda amepangisha," akasema. "Nyumba kubwa ile. Labda ameweka mpangaji."

Muuza mawese akasema, "Labda," akaomba maji.

Kipindi cha mwisho kilikuja siku ya mchana mkali. Mke wa Kijapani amefika getini. Tulijua kinachofuata, tumeshakiona, tukakaa sawa. Tukawa tunaangalia mawingu kwenye televisheni. Hakuna. Yule mwanaume mpole akafungua, akainama, akamkaribisha ndani. Wakakaa kwenye meza fupi. Akaleta chai, akaimimina, akamsogezea kikombe kwa mikono yote miwili. Wakaongea kidogo kuhusu mti wa matunda uliokuwa nje. Na kwa sababu hawa watu hawapigi kelele, ilibidi umtazame usoni, na usoni mwa yule mwanaume kulikuwa na kitu ambacho mpangaji hana.

Maiki ilikuwa imenyamaza. Tukageuka. Mtafsiri alikuwa ameiweka mapajani.

"Mama, wanasemaje?" Nahodha aliuliza taratibu.

"Huyu ndiye mume," akasema, bila maiki. "Jamani. Nimewakosesha. Huyu ndiye mume."

Mke akanywa chai, akainama, akatoka, akapanda treni. Basi. Maandishi yakaanza kupanda.

"Mvua iko wapi?" mtu akafoka kutoka nyuma. "Mjomba, rudisha! Magoti yako wapi?"

Walitaka kuvunja benchi. Mimi nilikuwa naongoza, nimesimama juu, nikiimba kwamba Wajapani hawana mvua, Wajapani hawana mvua, na watu wanaitikia. Nilipogeuka kumtafuta Mtafsiri aongeze utani wake, pale alipokuwa amekaa palikuwa na maiki tu.

Wiki hiyo aliazima begi la dada yake. Kwenye simu hakuambiwa njoo, aliambiwa subiri, kama kawaida. Alipita kwetu kuaga. Mama akamfungia mihogo. Mimi nikamuuliza kama anataka nimwombee mvua, akanifukuza na kanga hadi mlangoni. Aliingia kwenye boti ya kwenda kaskazini, kwao, amekaa kati ya magunia, mgongo umenyooka kama yuko kanisani.

Mimi nikapelekwa shule ya bweni, ambako wanaamini adabu inaingia kwa kudeki. Niliporudi likizo, kibanda kilikuwa kimefungwa, kila mtu ana simu, na Mjomba anauza vocha. Dada wa Mtafsiri aliniambia kwa kifupi tu: amerudi, yupo Katonga, hapahapa Kigoma, anafanya dagaa zake mwenyewe. Nikaenda.

Nilimkuta kwenye soko, mbele ya fungu la dagaa, kitambaa kichwani, amekonda kidogo. Kabla sijafungua mdomo alisema, "Tangazo la redio limekua."

"Shikamoo, Mtafsiri."

"Marahaba. Kaa hapo kwenye gunia. Usikalie dagaa za watu."

Tukaongea habari za shule, za Mjomba, za Nahodha aliyeongeza mke. Nilizunguka kama mtu anayetafuta mahali pa kutua. Mwishowe nikauliza kama nilivyozoea kuuliza, kwa mzaha, kwa sababu sijui kuuliza kwa njia nyingine.

"Ilikuwa ya Kikorea au ya Kijapani?"

Alikusanya dagaa zilizotawanyika pembeni, akazirudisha kwenye fungu.

"Kiangazi kilikuwa kikali," akasema. "Mbingu nyeupe."

"Mpangaji alikuwepo?"

"Hakukuwa na mpangaji. Mwanamke alikuwa jikoni, hakutoka. Nilisikia mtoto." Akahudumia mteja, akarudi. "Mume hakunifukuza, usimfikirie vibaya. Alinikaribisha. Alitoa kiti kizuri. Chai alileta mwenyewe."

"Akakupa?"

"Akanipa." Aliinua mkono wake wa kulia mbele yangu, umeshika kikombe ambacho hakipo, na polepole mkono wa kushoto ukaja ukashika kiwiko. Akanionyesha hivyo, akaushikilia pale, mpaka nilipoelewa. "Miaka yote ile ya ndoa hajawahi. Nilikunywa, nikashukuru. Chai ilikuwa nzuri. Tuliongea habari za michikichi."

Nikainuka, nikasema nakwenda kumletea chai, kwa mama anayeuza pale kwenye kona, kwa sababu mtu akikosa la kusema Kigoma hununua chai.

Nilirudi na kikombe kimejaa, cha moto. Bweni walikuwa wameshanifundisha. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umekwisha kuondoka wenyewe kwenda kwenye kiwiko. Nikaukamata njiani. Nikautia kwenye mfuko wa sketi, nikamnyooshea chai kwa mkono mmoja, imemwagika nusu kwenye vidole vyangu.

Alitazama kikombe. Akatazama mfuko.

"Na huo mwingine?"

"Unapumzika. Shika, kunywa."

Hakushika upesi. Halafu akapokea, na yeye kwa mkono mmoja, akapuliza, akawageukia wanawake wote wa lile soko.

"Mnamwona huyu?" akasema, kwa sauti ileile ya maiki, ili hata wa benchi la mwisho asikie. "Mtoto hana adabu huyu! Hana hata kidogo!"